Mfuo na Mshororo: Safari ya Neno "Verse"

Si zamani sana nilipewa kazi ndogo ya kutafsiri insha ya Kiingereza ihusuyo ushairi. Haikuwa ndefu, wala lugha yake haikuwa ngumu. Kilichonikwamisha ni neno moja tu, "verse", lililokuwa likijitokeza karibu katika kila ukurasa, na kila lilipojitokeza lilidai Kiswahili chake peke yake. Mahali pamoja lilikuwa na maana ya mshororo. Mahali pengine lilikuwa ubeti. Mbele kidogo likasimama badala ya ushairi mzima, likiwekwa mkabala na nathari. Kisha mwandishi akataja Zaburi, na hapo neno lilelile likawa aya. Nikajikuta nina maneno manne ya Kiswahili kwa neno moja la Kiingereza. Mwishoni, mwandishi alipofika kwenye kile Waingereza wakiitacho "free verse", nikaweka kalamu chini. Lipi kati ya manne hayo ndilo lililoachwa huru?

Nilifanya kama afanyavyo kila mtafsiri aliyekwama: niliacha kuuliza neno lina maana gani nikaanza kuuliza limetoka wapi. Njia hiyo ina hatari zake, nitazitaja baadaye. Lakini safari yenyewe ilikuwa tamu kiasi kwamba nimeona si haki kuila peke yangu.

"Verse" si neno la Kiingereza kwa asili. Ni la Kilatini, *versus*, nalo limetokana na kitenzi *vertere*, yaani kugeuza au kugeuka. Mzizi wake ni wa kale kuliko Roma yenyewe, kwani unapatikana pia katika Kisanskriti, ambako neno *vritta*, lenye maana ya kilichogeuzwa au kuzungushwa, ndilo jina la bahari za ushairi zipimwazo kwa hesabu ya silabi. Basi watu wawili wa mbali, mmoja kandokando ya mto Tiber na mwingine kandokando ya Ganges, walipotaka jina la maneno yaliyopimwa, kila mmoja aliliendea katika mzizi mmoja bila ya kumwuliza mwenziwe.

Mgeuko, ndiyo, lakini mgeuko wa nini? Jibu la Warumi lilikuwa shambani. Pliny Mkubwa, aliyefariki mwaka 79 B.K. Mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika kitabu kikubwa juu ya maumbile ya ulimwengu, na katika juzuu ya 18, inayohusu nafaka na kilimo, anawausia wakulima kwamba ng'ombe wa plau aachiwe amalize *versus* yake, asisimame katikati kuvuta pumzi. Hapo neno hili halina uhusiano wowote na malenga. Maana yake ni mfuo, ule mchirizi unaochimbwa na plau kutoka ukingo mmoja wa shamba hadi mwingine. Plau ikifika mwisho hugeuzwa, na mfuo wa pili ukaanza ubavuni mwa ule wa kwanza.

Msomaji wa visiwani ataniwia radhi nikilieleza hili kwa urefu, maana plau kwa sehemu kubwa si chombo chetu. Sisi tumelima kwa jembe la mkono, na hata jina la plau tumelipokea kwa Waingereza. Mwenye jembe la mkono hupiga, husogea, hupiga tena, na akitaka kupumzika hupumzika pale alipo. Mwenye jozi ya maksai hana uhuru huo. Ng'ombe wawili waliofungwa nira moja ni wazito kugeuzwa, na kila mgeuko hula wakati. Kwa hiyo angependa mfuo uwe mrefu ili ageuke mara chache. Lakini mfuo ukizidi urefu, ng'ombe huchoka kabla ya kufika. Kati ya mahitaji hayo mawili ndipo kipimo kilipopatikana.

Aliyekiandika kwa ufasaha ni Columella, mtu wa Cádiz huko Hispania, aliyeishi karne ya kwanza baada ya Kristo. Anasema kwamba kuuvuta mfuo zaidi ya futi 120 humdhuru mnyama. Futi ya Kirumi ilikuwa fupi kidogo kuliko ya Kiingereza, kwa hiyo masafa hayo ni kama mita 35 na nusu. Kisha anaongeza jambo ambalo nililisoma mara tatu. Anasema kwamba mkulima akifika kwenye mgeuko, mahali ambapo yeye anapaita *versura*, na aisukume nira mbele kidogo na kuwazuia ng'ombe wasimame, ili shingo zao zipate kupoa.

Tuyaweke pamoja maneno ya Pliny na ya Columella. Usisimame katikati ya mfuo. Simama mwisho wake. Urefu wa mfuo ni kadiri ya pumzi ya mnyama anayeuvuta. Nani kati yetu aliyewahi kukaa na mghani hodari wa tenzi asiyeitambua kanuni hii? Kipande cha utenzi kina mizani nane, na mshororo wa shairi la kawaida una kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao. Mghani hakati neno katikati ya kipande ili avute hewa. Huvuta kwenye kituo, kisha hugeuka. Warumi hawakutufundisha sisi jambo hili wala sisi hatukuwafundisha wao; pumzi ya kiumbe ndiyo mwalimu wa pande zote mbili.

Kipimo cha futi 120 kilikuwa na jina lake, *actus*, kutokana na kitenzi cha kuswaga, na Pliny anakieleza kuwa ni masafa ambayo ng'ombe huswagwa na plau kwa mkupuo mmoja wa haki. Vipimo viwili vya namna hiyo vya mraba vilifanya *iugerum*, eneo ambalo nira moja huweza kulilima kwa siku. Na *versus* lenyewe nalo liligeuka kuwa kipimo cha ardhi: Varro, aliyeandika kitabu chake cha kilimo akiwa na umri wa miaka themanini, anasema kwamba watu wa Campania walipima mashamba kwa *versus*, nayo ilikuwa mraba wa futi mia moja kila upande. Kwa hiyo kabla hata hatujafika kwenye ushairi, neno hili limeshabeba mambo mawili: kugeuka na kupimwa.

Kutoka kwenye mfuo mmoja, maana ilipanuka ikawa safu yoyote iliyonyooka. Virgil analitumia neno hilihili kwa safu ya miti iliyopandwa, na katika *Aeneid* analitumia kwa safu za wapiga makasia ndani ya merikebu iliyokuwa na safu tatu. Livy, mwanahistoria, anasimulia kwamba mfalme Filipo wa Makedonia, aliposhindwa na Warumi na kuamriwa kuzitoa merikebu zake mwaka 196 K.K., aliruhusiwa kubaki na moja kubwa mno isiyoendesheka kwa urahisi, iliyokuwa na *versus* kumi na sita za makasia. Ingekuwa chombo kimejengwa pwani yetu ningesema kimejengwa na malenga, kwa kuwa hesabu ni ileile ya mizani za mshororo. Lakini huo ni mzaha wangu, si historia.

Vipi basi mfuo ukawa mstari wa maandishi? Warumi waliandika barua zao za kila siku juu ya vibao vilivyopakwa nta, kwa kijiti chenye ncha kali. Kijiti hulima nta kama plau ilimavyo udongo. Katika barua za Cicero kitenzi *exarare*, kulima na kufukua, hutumika kwa maana ya kuandika barua. Wala taswira hii haikufa na nta. Mnamo mwisho wa karne ya nane au mwanzo wa ya tisa, mtu fulani aliandika kitendawili pembezoni mwa kitabu cha sala, kitabu ambacho hadi leo kimehifadhiwa Verona, Italia. Kitendawili kinasimulia habari za ng'ombe, shamba jeupe, plau nyeupe na mbegu nyeusi. Jibu lake ni mwandishi: ng'ombe ni vidole, shamba ni karatasi ya ngozi, plau ni kalamu ya unyoya, mbegu ni wino. Wataalamu wa lugha hukithamini kitendawili hicho kwa sababu nyingine, kwa kuwa ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa yanayoonyesha Kilatini kikianza kuwa Kiitaliano. Mimi nakithamini kwa kuwa ni kitendawili kizuri.

Isidore wa Seville, askofu aliyefariki mwaka 636, ana maelezo yake juu ya asili ya neno letu. Anasema kwamba mistari huitwa *versus* kwa sababu watu wa kale waliandika kama ardhi ilimwavyo: mstari mmoja ulikwenda upande huu, uliofuata ukarudi upande ule, na wakulima wa zama zake, asema, bado waliiita mifuo yao kwa jina hilohilo. Kuhusu maandishi ya kwenda na kurudi Isidore hakukosea. Katika Uwanja wa Roma, mwaka 1899, mchimbaji wa mambo ya kale Giacomo Boni aligundua jiwe lenye maandishi ya Kilatini ya karne ya sita K.K., na maandishi hayo huenda na kurudi. Huko Gortyn, katika kisiwa cha Krete, kuna ukuta wa sheria za Kigiriki za karne ya tano ulioandikwa vivyo hivyo, na Wagiriki walikuwa na neno la namna hiyo ya kuandika, lenye maana ya mgeuko wa ng'ombe.

Hata hivyo, kwa maoni yangu Isidore amesema zaidi ya lililohitajika. Washairi wa Kilatini tunaowajua waliandika kutoka kushoto kwenda kulia kila mstari, kama waandikavyo Wazungu leo, na bado waliita mistari yao mifuo. Hakuna haja ya kuisingizia kalamu ilikuwa ikirudi nyuma. Mistari iliyolala sambamba juu ya ukurasa inafanana na shamba lililolimwa, na mwishoni mwa kila mmoja kuna mgeuko. Hilo latosha.

Nathari nayo imetoka shamba hilohilo. "Prose" ya Waingereza ni *prosa* ya Kilatini, iliyofupishwa kutoka *proversa*: maneno yaliyoelekezwa mbele moja kwa moja, yasiyogeuka. Kwa hiyo tofauti ambayo Warumi waliiona baina ya ushairi na nathari haikuwa tofauti ya utamu, wala ya lugha ya mkato, wala ya hisia. Mmoja hugeuka, mwingine huenda tu. Na kama plau ikitoka mfuoni? Warumi walikuwa na neno la hilo pia. Mfuo au tuta waliliita *lira*, na kutoka nje yake ni *delirare*. Ndipo Waingereza walipopata jina la ile hali ya mgonjwa wa homa kali kupayuka maneno yasiyo mwelekeo. Pliny anaongeza kwamba mlimaji asiyeinama vizuri huenda upogo, na kwamba kitenzi walichokitumia kwa kosa hilo, *praevaricari*, kilihamia mahakamani kumtaja wakili anayemsaliti mteja wake kwa siri. Leo Kiingereza hukitumia kwa mtu anayezungukazunguka ili asiseme kweli. Maneno haya matatu, la mshairi, la mgonjwa wa homa na la mwongo, yanatoka katika ufundi mmoja wa kushika plau. Nawaachia wanaochukia washairi walifurahie hilo.

Ushairi wenyewe wa Kirumi ulikuwa na ugomvi wake juu ya mifuo. Watunzi wa mwanzo, Livius Andronicus na Naevius, walitunga kwa bahari ya kienyeji iliyoitwa ya Saturnus, ambayo kipimo chake wataalamu wanakibishania hata leo. Kisha akaja Ennius, aliyezaliwa mwaka 239 K.K. kusini mwa Italia, mtu aliyekuwa akisema kwamba ana mioyo mitatu kwa kuwa alikuwa na lugha tatu, Kigiriki, Kioski na Kilatini. Ennius alileta Roma bahari ya Wagiriki, ile ya Homer. Na katika utenzi wake wa historia ya Roma aliwatupia vijembe waliomtangulia, akidai kwamba walitunga kwa *versus* za enzi za mizimu wa msituni na waaguzi. Tunalijua hilo kwa kuwa Cicero amelitaja, tena akimkumbusha Ennius kwamba kutoka kwa Naevius huyohuyo alichukua mengi. Bahari ya Saturnus ilikufa. Bahari ya kigeni ikawa ndiyo desturi, na baada ya vizazi vichache hapakuwa na aliyekumbuka kwamba iliwahi kuwa ya kigeni. Sisi ambao neno letu la shairi, na la bahari, na la ubeti, yote yametoka Uarabuni, hatuna sababu ya kushangaa.

Neno lilifika Uingereza kwa mkono wa kanisa. Mwaka 597 ujumbe wa mapadri uliotumwa kutoka Roma ulifika Kent, ukiwa na Zaburi za Kilatini zilizosomwa na kuimbwa kipande kwa kipande. Kila kipande kiliitwa *versus*, na Waingereza wa kale wakalitamka *fers*. Baadaye, Wanormani walipoishika nchi baada ya mwaka 1066, Kifaransa kikalileta tena kwa sura ya *vers*, na umbo la leo likapatikana kati ya hayo mawili.

Waingereza hao walikuwa na ushairi wao kabla ya kulipokea jina hili. Mshororo wao ulikuwa na vipande viwili na kituo katikati, vipande vikishikanishwa si kwa vina vya mwisho bali kwa sauti za mwanzo wa maneno. Utenzi wao mkubwa, *Beowulf*, umetufikia katika mswada mmoja tu wa miaka ya karibu na 1000, na ukiutazama mswada huo huoni mshororo hata mmoja. Umeandikwa mfululizo, kutoka ukingo hadi ukingo, kama barua. Aliyeuandika hakuona haja ya kukata mistari, kwa kuwa msikilizaji aliisikia. Hapa nakumbuka miswada ya tenzi zetu kwa hati za Kiarabu, ambamo vipande vinafuatana na kutenganishwa kwa alama ndogo tu. Na mashairi ya Muyaka wa Mombasa, yaliyokaa vinywani mwa watu miongo mingi baada ya kifo chake, mpaka Mwalimu Sikujua na mmisionari Taylor walipoyakusanya mwishoni mwa karne ya 19. Hakuna karatasi iliyowaambia watu wa Mombasa mahali pa kugeuka. Mgeuko ulikuwa sikioni.

Ile maana ya aya ilikuja kukazwa na wachapishaji. Mwaka 1551, huko Geneva, Robert Estienne alichapisha Agano Jipya la Kigiriki lililogawanywa katika vipande vyenye nambari, na Biblia ya Kiingereza iliyochapwa Geneva mwaka 1560 ikaufuata mtindo huo kitabu kizima. Tangu hapo kila kipande chenye nambari ni "verse", hata kikiwa orodha ya majina ya koo, jambo ambalo halina ushairi wowote. Jambo hili linatuhusu sisi wa pwani kuliko tunavyodhani. Wafasiri wa Kiingereza wanapoziita aya za Qur'ani "verses", wako miongoni mwetu wanaochukizwa, na wana hoja: aya maana yake ni ishara, na Surat Yasin inakanusha waziwazi kwamba Mtume alifunzwa mashairi. Lakini neno walilolichukua wafasiri hao ni lile la kanisani, la kipande kinachosomwa na kuhesabiwa, si lile la malenga. Lawama yetu inastahili kulielekea neno lenyewe kwa uzembe wake wa kubeba mizigo miwili kwa kamba moja.

Na ubeti? Kwa wimbo wenye kiitikio, Waingereza huita "verse" sehemu yote inayoimbwa kabla ya kiitikio kurudi, na kwa njia hiyo mfuo mmoja ukawa mifuo minne au sita. Washairi waliotaka jina lisilo na utata walikwenda Italia wakaazima *stanza*, kutoka kitenzi cha Kilatini cha kusimama: mahali pa kusimama, yaani chumba. Shakespeare analifanyia mzaha neno hilo katika *As You Like It*, likiwa bado geni masikioni mwa watu. Waitaliano basi wanakaa chumbani, na sisi tunakaa nyumbani, kwa sababu *bayt* ya Waarabu ni nyumba, na hasa hema. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni wa Basra wa karne ya nane ambaye yasimuliwa kwamba alizaliwa Uomani, alipoiweka elimu ya aruudhi aliviita viungo vya kipimo kwa majina ya kamba na vigingi, na nusu ya ubeti ikaitwa kwa jina la ubao mmoja wa mlango wa mbao mbili. Kwa Waarabu ubeti ni huo mstari mmoja wenye mbao mbili. Ulipovuka bahari kuja kwetu ukapanuka ukawa nyumba ya mishororo minne. Wafugaji wa jangwani walitazama hema wakapata jina la ushairi. Wakulima wa Italia walitazama plau. Mmoja anakaa ndani, mwingine anakwenda na kurudi nje juani.

Sasa ile "free verse" iliyonikwamisha. Tafsiri yake ya Kiswahili imezoeleka, mashairi huru, na historia yake kwetu ni ya moto. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na katika miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, na Mulokozi na Kahigi walipotoa *Malenga wa Bara* mwaka 1976, kukazuka mabishano ambayo wengi wetu tuliyasikia kwa masikio yetu. Upande mmoja ulisema kwamba pasipo vina na mizani hakuna shairi. Wa pili ukasema kwamba vina na mizani ni vazi tu.

Katika mabishano hayo, lile neno la Kiingereza lilitumiwa na pande zote mbili bila ya kuulizwa asili yake. Lingeulizwa, lingewatoa jasho wote. Wenye kushikilia vina lingewaambia kwamba katika kilimo cha Warumi vina havikuwamo. Virgil na Ennius hawakuwa na vina vya mwisho. Milton, aliyechapisha *Paradise Lost* mwaka 1667, aliviacha kwa makusudi, na katika nakala zilizofuata akaweka maelezo ya kuvikemea. Vina ni pambo tulilolipenda sisi, tena lina uzuri wake, lakini mfuo ulikuwa mfuo kabla yake. Wenye kutetea uhuru lingewaambia kwamba ng'ombe hageuzwi popote pale. Wafaransa walioanzisha jina hili, Gustave Kahn na wenzake katika jarida *La Vogue* mwaka 1886, walitaka mshororo ufuate pumzi ya maana badala ya hesabu ya silabi. Hawakusema kwamba mshororo usiwe na sababu ya kuishia unapoishia. T. S. Eliot, ambaye wengi humtaja kama baba wa uhuru huo kwa Kiingereza, aliandika makala mwaka 1917 kukana kwamba kitu kama hicho kipo.

Niliahidi kutaja hatari. Asili ya neno si sheria ya kulitumia. Waingereza huandika "versus" kati ya majina ya timu mbili zinazopambana, nasi tunaiona kwenye matangazo ya mechi za Simba na Yanga. Kwa Kilatini neno hilo lilikuwa na maana ya kuelekea upande fulani tu, na ni wanasheria wa Uingereza waliolifanya kuwa dhidi ya. Hakuna mwenye akili atakayewaambia mashabiki kwamba wanakosea. Vivyo hivyo siwezi kumwambia mshairi yeyote wa leo atunge kama alimavyo Columella. Ninachoweza kusema ni kwamba baadhi ya mashairi huru ninayoletewa kuyasoma yamekatwa mistari kwa mkasi, si kwa pumzi: yakiunganishwa mfululizo kama mswada wa *Beowulf*, hakuna sikio litakaloweza kuirudisha mistari mahali pake. Na baadhi ya mashairi ya vina na mizani kamili ninayoletewa yana dosari hiyohiyo, isipokuwa dosari imefichwa na hesabu. Mshororo unafika mizani ya kumi na sita kwa kusukumwa, maneno "na pia" na "hakika" yakitiwa ili kujaza, kama mkulima anayelima hewa ili afikishe futi zake 120.

Kitenzi *vertere* kilikuwa na maana moja zaidi kwa Warumi. Plautus, mtunzi wa michezo ya kuchekesha aliyefariki mnamo 184 K.K., alikitumia katika dibaji zake kwa kazi ya kuigeuza michezo ya Kigiriki iwe ya Kilatini; kutoka humo Kiingereza kikapata "version". Kutafsiri nako ni kugeuza plau mwisho wa shamba la mtu mwingine. Katika ile insha niliyopewa nilitumia maneno yote manne, mshororo, ubeti, ushairi na aya, kila moja mahali pake, na msomaji wa Kiswahili hatajua kwamba upande wa pili lilikuwa neno moja. Kwa "free verse" niliandika kwanza "mishororo huru", nikaifuta, nikarudisha "mashairi huru" kwa kuwa ndilo jina watu walilolizoea. Mhariri hakuuliza kitu.